Tafakari ya kila siku ya Kwaresima: maana yake na namna inavyofanyika

Tafakari ya Kwaresima ni kukaa na somo la Biblia lililopangwa kwa siku hiyo, dakika 15 hadi 20, mpaka mstari mmoja umguse msomaji na kumdai jambo. Si mahubiri, maana hakuna anayefundisha wala anayefundishwa. Si Njia ya Msalaba ya siku ya Ijumaa, ambayo ina vituo vyake 14 na sala zake. Na haifanani na kufungua Biblia popote kidole kitakapoangukia: hapa somo hulichagui. Umepangiwa, na unalipokea hata siku ambayo ungependa lingine.

Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukiondoa Jumapili 6 zinabaki 40. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Kwa Wakatoliki, masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na mwaka unaogawanyika kwa 3 bila baki ndio Mwaka C. Masomo ya siku za juma katika Kwaresima hayana mzunguko huo, hurudi yale yale kila mwaka. Kwa hiyo daftari la mwaka jana bado linafaa, mradi ufuate juma la Kwaresima na si tarehe. Angalia tu 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na 25 Machi, Kupashwa Habari Bikira Maria. Siku hizo zina masomo yake, isipokuwa zikiangukia Juma Kuu, kama 25 Machi 2027 ambayo ni Alhamisi Kuu; hapo sikukuu huhamishwa. Waanglikana na Walutheri wana ratiba zao, ila namna ya kutafakari ni moja.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba katika majuma matatu ya kwanza somo la kwanza na Injili vimepangwa vitazamane. Anayesoma Injili peke yake kwa sababu ya haraka anapoteza nusu ya kilichokusudiwa.

Chukua Ijumaa ya juma la pili. Somo la kwanza ni Mwanzo 37, Yusufu anauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Injili ni Mathayo 21:33-43 na 45-46, mfano wa wakulima waovu katika shamba la mizabibu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Bihawana, huko Dodoma, ana faida hapa, kwa kuwa haelezwi ugo ni nini, wala kwa nini mwenye shamba anahitaji mlinzi. Faida hiyo hiyo ina hatari yake: dakika tano baadaye watu wanazungumzia bei ya zabibu.

Soma masomo yote mawili kwa sauti, polepole, mara mbili. Mara ya kwanza tafuta tu nani anafanya nini. Baba anamtuma mwana kwa ndugu zake, nao wanapanga kumwua. Mwenye shamba anamtuma mwana kwa wakulima, nao wanapanga vivyo hivyo: "Huyu ni mrithi, haya na tumwue." Mara ya pili shika penseli na upige mstari chini ya maneno machache yanayokukwaza au kukuvuta. Usipigie mstari mafungu kumi ya maneno. Moja linatosha, mawili ni mengi.

Kisha uliza maswali mawili, kwa mpangilio huu: maneno haya yanasema nini pale yalipo? Halafu: yananiambia nini mimi? Kosa kubwa la tafakari ni kurukia swali la pili kabla ya la kwanza kujibiwa. Kosa linalofuata ni kuongeza swali la tatu, yanamwambia nini jirani yangu. Mstari wa 45 wenyewe unalimaliza hilo: wakuu wa makuhani na Mafarisayo walitambua kwamba Yesu anawasema wao. Walielewa vizuri kabisa, ila badala ya kubadilika wakatafuta kumkamata. Kuelewa somo, basi, hakujawa tafakari.

Baada ya maswali huja sala, kwa maneno yako, fupi. Siku chache kabla, Jumanne ya juma la kwanza, Injili imeshaonya: "msipayuke-payuke." Halafu dakika mbili tatu za kimya bila kutafuta wazo jipya. Hatua hizi nne, yaani kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele ya Mungu, zilipangwa hivyo na mmonaki Guigo wa Pili katika karne ya 12. Kwaresima inafaa kuongezewa ya tano, tendo. Liwe dogo na lenye siku yake. "Nitakuwa mkarimu" halipimiki. "Kesho nitarudisha jembe la mwenzangu" linapimika.

Muda nao una mambo yake. Februari na Machi Dodoma ni wakati wa palizi, na watu wanatoka alfajiri kwenda kwenye uwele, mtama au alizeti. Anayepanga kutafakari saa kumi na moja asubuhi mara nyingi huishia kusoma huku anatafuta jembe. Ni afadhali kusoma somo la kesho jioni baada ya chakula, kisha kwenda na mstari wako shambani. Mikono ikiwa kwenye kazi, kichwa kinabaki huru.

Katika jumuiya ndogo ndogo, kila mtu ataje maneno yake aliyoyashika, aongeze sentensi moja au mbili, basi. Asiwepo wa kumsahihisha. Mzee anayesikia vizuri zaidi Cigogo, lugha ya Wagogo, asomewe kwa Cigogo, hata kama itaongeza dakika tano. Tafakari zilizoandikwa na wengine, zile zinazozunguka kwenye simu, zisomwe baada ya Maandiko. Zikitangulia, utaona katika somo kile tu ulichoambiwa. Ukikosa siku tatu, usizilipe. Endelea na ya leo, kwani anayejaribu kulipa deni la masomo huacha kabisa ifikapo juma la nne.

Juma la nne lina mabadiliko pia: kuanzia Jumatatu yake Injili ni ya Yohane, na mabishano kati ya Yesu na wapinzani wake yanapanda siku hadi siku. Juma Kuu linaleta nyimbo za Mtumishi wa Mungu anayeteseka katika Isaya: sura ya 42 Jumatatu, 49 Jumanne, 50 Jumatano, na 52:13 hadi 53:12 Ijumaa Kuu. Zisomwe kama mfululizo mmoja. Kanisa kuu la Wakatoliki Dodoma lina jina la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa Wapasionisti, shirika lenye nadhiri ya kuyakumbuka Mateso, hivyo waumini wa mjini hawakosi kumbusho.

Jumamosi Kuu mchana hakuna Misa. Mkesha wa usiku una masomo saba ya Agano la Kale, ambayo yanaweza kupunguzwa, isipokuwa Kutoka 14, ambalo haliachwi kamwe. Yasome yote saba mchana huo ukiwa na nafasi, kwa sababu usiku huenda ukasikia matatu tu.