Nadharia ya mwendelezo: uzee wa mvuvi wa Kibirizi

Pale mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, yupo mzee ambaye hajaingia ziwani miaka kadhaa sasa. Magoti yamekataa. Lakini alfajiri vipe, vyombo vya kuvulia dagaa usiku kwa taa, vikirudi utamkuta ameshakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, sindano ya nyavu mkononi. Vijana wanapita, "Shikamoo babu," naye anaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha anauliza swali moja tu: "Upande gani?" Anataka kujua taa ziliwashwa upande gani wa ziwa. Akijibiwa hunyamaza, au hucheka. Kicheko kile wenye vipe wanakiogopa kuliko matusi.

Wanasosholojia wana jina la jambo analofanya mzee huyu: mwendelezo. Nadharia ya mwendelezo inasema mtu akizeeka hageuki kuwa mtu mwingine. Mwili unapopungua, au kazi inapokoma, au wenzake wanapotangulia, yeye hutafuta namna ya kubaki yuleyule, tena kwa mbinu alizozizoea tangu zamani. Anayetajwa zaidi hapa ni Mmarekani Robert Atchley, hasa kwa makala yake ya mwaka 1989.

Atchley aliona mwendelezo wa aina mbili. Wa ndani ni tabia ya mtu, anachokithamini, na jinsi anavyojiona. Wa nje ni mahali, watu na shughuli zinazomzunguka. Kwa ndani, babu wa Kibirizi bado ni mvuvi. Mwite mstaafu uone atakavyokutazama. Kwa nje anao mwalo, nyavu, na saa ileile ya kuamka. Na lipo dogo ambalo mimi ndilo lililonifungua macho: siku za mbalamwezi, vipe visipotoka kwa sababu taa hazivuti dagaa vizuri mwezi ukiwaka, naye haonekani mwaloni. Hana chombo, hana zamu, lakini kalenda yake ingali ya mwezi.

Mwendelezo si kuganda, lakini. Zamani alizivuta nyavu, leo anazishona. Kilichobadilika ni kazi ya mikono.

Nadharia hii ilikuja baada ya ubishi. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, wakitumia utafiti uliofanyika Kansas City, Marekani, walitoa nadharia ya kujiondoa: mzee hujitoa polepole katika jamii, jamii nayo humwachia, pande zote zikiridhia, na ndivyo ilivyo kwa binadamu kila mahali. Hapo kwenye "kila mahali" ndipo walipojikwaa. Mwenye ajira anayo siku ya kuondoka. Mtumishi wa umma Tanzania huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60, barua ikaja, mafao yakafuatiliwa. Wazee wa reli mjini Kigoma wanazijua barua hizo. Mvuvi anaandikiwa na nani?

Robert Havighurst akashika upande wa pili, nadharia ya kujishughulisha: anayeridhika uzeeni ni yule asiyeacha pilika, na likimtoka jambo moja atafute jingine. Cha kuchekesha ni kwamba naye alishiriki utafiti uleule wa Kansas City. Watu walewale, majibu mawili. Binafsi naiona nadharia yake inamtaka mzee akimbie mbio hata kama ujanani hakuwa mkimbiaji. Aliyekuwa mkimya tangu zamani, kumburuta kwenye vikundi na vikao ni kumsumbua tu, na Atchley angekubali.

Mwendelezo unaonekana vizuri zaidi unapokatika. Mama mmoja wa Ujiji, mkamuaji wa mawese maisha yake yote, alichukuliwa na wanawe kwenda Dar es Salaam. Nia yao ilikuwa njema: nyumba ya vigae, televisheni, dada wa kazi. Miezi michache baadaye alikuwa akimnyang'anya dada ufagio na kugombana naye kuhusu mafuta ya kupikia, kwamba hayana rangi wala harufu. Wanawe wakasema mama amezeeka ghafla. Miaka ilikuwa ileile. Yaliyomtoka kwa mkupuo mmoja ni majirani, pipa la kuchemshia, wateja waliomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na sababu ya kuamka mapema.

Wapo wanaoikosoa nadharia hii, na wana hoja. Atchley mwenyewe alisema anaeleza uzee wa kawaida, kwa hiyo mwenye maradhi makubwa anabaki nje ya mlango. Tena si kila maisha yanastahili kuendelezwa. Mjane aliyepigania shamba ujana wake wote huenda anachotaka uzeeni ni kupumzika na vita hiyo.

Hata kwa babu wa Kibirizi siwezi kuapa. Akimaliza kushona, wenye kipe humpelekea bakuli la dagaa, na ndilo kitoweo cha nyumbani kwake. Basi anashona kwa kuupenda uvuvi au kwa ajili ya bakuli? Nilimuuliza. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akaniambia nimshikilie upande wa pili wa wavu.