Mshumaa wa kwenye glasi: anza na utambi, manukato yatafuata

Kila mtu anayeniandikia akitaka kuanza kutengeneza mishumaa ya glasi nyumbani, swali la kwanza huwa ni manukato. Dada, niweke udi au asumini? Vanila inatoka? Na mimi namuuliza kwanza, glasi yako ina upana gani kwa ndani? Maana upana wa glasi ndio unaoamua utambi, na utambi ukishakosea, hata ununue manukato ya bei mbaya kiasi gani mshumaa hautawaka vizuri.

Tuelewane kwanza kinachowaka ni nini. Sio ule uzi, wala sio nta ngumu unayoiona. Moto unayeyusha nta, ile ya majimaji inapanda kwenye utambi, ikifika juu inageuka mvuke, na huo mvuke ndio unaowaka. Kwahiyo utambi kazi yake ni kupandisha nta kwa kiasi ambacho moto unaweza kukimaliza. Ukiwa mwembamba kwa glasi yako, nta inapanda kidogo, moto unakuwa dhaifu, unachimba shimo katikati na nta ya pembeni inabaki imeganda ukutani, mwisho wa siku utambi unazama na mshumaa unazima wakati nusu ya nta ipo tu. Ukiwa mnene, nta inapanda nyingi kuliko moto unavyoweza kula, unaona moshi mweusi, masizi yanajaa mdomo wa glasi, kichwani kwa utambi panaota uvimbe mweusi kama uyoga, na glasi inapata moto mpaka huwezi kuishika. Hilo la kwanza ni hasara ya hela, hili la pili linaweza kupasua glasi na kuunguza nyumba ya mtu.

Chukua rula upime ndani ya glasi, sio nje. Tuseme ni sentimita 7. Wauzaji wa tambi huwa wana jedwali, glasi ya upana huu inataka utambi namba hii (namba ndio inaonyesha unene wa utambi), we nunua hiyo namba pamoja na iliyo chini yake na iliyo juu yake. Nasema nunua zote tatu kwa sababu jedwali halijui nta yako ni ipi na manukato yako ni mazito kiasi gani. Chukua tambi za pamba zilizosukwa zenye kitako cha bati. Uzi wa kushonea au kamba ya pamba ya dukani sikushauri kabisa, hauna kipimo, leo utawaka vizuri kesho utatoa moshi.

Glasi yenyewe iwe nene, isiwe na ufa wala kiputo, na isimame imara. Glasi nyembamba za mvinyo ni nzuri kwa picha lakini hazifai kwa moto. Na mdomo usiwe mwembamba kuliko tumbo, joto linakaa humo ndani.

Upande wa nta, wengi wanaanza na ya soya na ni sawa tu, inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 50 hivi za Selsiasi na ni rahisi kusafisha. Ila kama uko Dar, Tanga au Mombasa lazima ufikirie joto letu. Soya laini ukiiacha kwenye gari juani mwezi wa pili utakuta imekuwa uji na manukato yametoka juu kama jasho. Mimi kwa Pwani napenda kuchanganya na nta ya nyuki kidogo, hii yetu ya Tabora ukiipata safi iliyochujwa ni nzuri mno, inayeyuka nyuzi 62 mpaka 64 kwahiyo inaupa mchanganyiko ugumu. Anza na sehemu 1 ya nyuki kwa 9 za soya. Kumbuka tu ukiongeza nta ngumu utambi utahitaji nguvu zaidi, yani pengine utapanda namba moja, ndo maana nilisema ununue zote tatu.

Sasa vipimo, na hapa usikadirie kwa kijiko, tafuta mizani ya jikoni ya gramu. Weka glasi kwenye mizani, rudisha sifuri, jaza maji mpaka pale unapotaka mshumaa uishie, soma. Ikija 200, zidisha kwa 0.9 kwa sababu nta ni nyepesi kuliko maji, utapata 180. Manukato weka gramu 6 kwa kila gramu 100 za nta, kwahiyo hapo ni nta kama 170 na manukato 10. Glasi ikaushe vizuri kabla ya kumimina, tone moja la maji likibaki chini mshumaa utalipuka lipuka na kurusha cheche.

Yeyusha nta ndani ya jagi la bati lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, usiiweke juu ya moto moja kwa moja, na usiondoke jikoni hata kama ni kufungua geti tu. Ikishika moto funika na mfuniko wa sufuria na uzime jiko, USIMWAGIE MAJI, maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka kila upande. Ikifika nyuzi kama 80 itoe, mimina manukato, koroga taratibu dakika 2 nzima, isipochanganyika vizuri mafuta yatazama chini. Nazungumzia mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa mishumaa. Pafyumu ya kujipulizia ina spiriti, inawaka, usiithubutu. Rangi ya chakula nayo ni ya maji haichanganyiki na nta, na krayoni za watoto zinaziba utambi.

Gundisha kitako cha utambi katikati kabisa, ubane juu kwa vijiti viwili ili usimame wima, subiri nta ishuke mpaka nyuzi 60 hivi, mimina polepole. Alafu iache ipoe yenyewe, usiweke kwenye friji. Watu wa Njombe, Arusha na Nairobi mwezi wa saba pasheni glasi kidogo kabla ya kumimina, la sivyo nta inabanduka ukutani na kuacha mabaka. Na yale maua makavu mnayoona mitandaoni yamepangwa juu ya mshumaa, jamani, yale yanashika moto. Yapange pembeni, piga picha, yatoe.

Ikishaganda subiri. Soya inataka wiki 1 mpaka 2 ndio harufu ikomae, ukiwasha kesho yake utasema manukato ni feki.

Baada ya hapo ndo unakuja mtihani wenyewe. Tengeneza glasi tatu sawasawa, tofauti iwe utambi tu. Kata utambi ubaki milimita 5, washa zote mahali pasipo na upepo wala feni, kaa nazo. Baada ya masaa 3 hivi nta iliyoyeyuka inatakiwa iwe imefika ukutani au imebakiza kidogo tu, kina chake kama sentimita 1. Zima kwenye saa la 4, acha zigande kabisa, kata tambi tena, rudia hivyo mpaka karibu na mwisho, yani ibaki sentimita 1 ya nta chini hapo usiwashe tena. Usihukumu kwa siku ya kwanza. Utambi unaoonekana mdogo mwanzoni mara nyingi unakuja kusafisha ukuta wote ukifika nusu ya glasi kwa sababu joto linakaa ndani, na ule uliofika ukutani haraka sana siku ya kwanza ndio huo huo utakaokuunguzia glasi chini. Andika kila kitu, namba ya utambi, nta, manukato, saa, masizi yapo au hayapo, maana ukibadilisha glasi au manukato unaanza upya.

Glasi zilizofeli usizitupe. Ziweke friza kidogo nta ijikaze, ibandue kwa kisu butu, toa utambi, yeyusha na uchuje kwa kitambaa, itafaa kwa jaribio lingine. Glasi ikishatoka ubaridi wa friza ipashe kidogo iwe vuguvugu, ifute kwa karatasi ndio uoshe, nta isiingie kwenye sinki, itaganda kwenye bomba.