Mtandao wa ubongo wa mnywaji, na ninachoweza kuukata

Nikisema nachunguza unywaji wa kupindukia kwa kompyuta, wengi hudhani natafuta kona moja ya ubongo ilikojificha hamu ya pombe. Kona hiyo haipo. Ninachofuatilia ni mawasiliano kati ya sehemu za ubongo: insula inayosikiliza hali ya mwili, striatamu inayopima tuzo, na sehemu ya mbele ya ubongo inayotakiwa kusema basi, inatosha.

Kazi huanzia kwenye mashine ya MRI, inayofuatilia oksijeni katika damu ya ubongo. Tunaugawa ubongo vipande, tuseme 90, kisha tunatazama ni vipande vipi ambavyo oksijeni yake hupanda na kushuka pamoja. Vipande 90 vinatoa jozi 4,005. Jozi zinazoenda sambamba ndizo nyuzi za mtandao wetu, lakini kwenda sambamba si kuamrishana. Huenda vyote viwili vinakifuata cha tatu. Tena mtu akitikisa kichwa kidogo tu, nyuzi za uongo zinajitokeza. Kuziondoa hula muda mwingi kuliko kuunda modeli yenyewe, yaani ubongo wa mfano ndani ya kompyuta, na hakuna anayeniuliza habari zake.

Modeli ni milinganyo: hali ya kila kipande muda mfupi ujao inategemea ilivyo sasa na inavyosukumwa na vipande vingine. Hapo napata ruhusa nisiyo nayo kwa mtu aliye hai. Nalegeza uzi kati ya insula na striatamu, naiacha programu iendelee, kisha natazama nini kimebadilika mbali na pale nilipogusa.

Modeli ikilingana na data iliyoitengeneza, hilo halinishtui. Mtihani mgumu umetoka kwa wagonjwa. Mwaka 2007 mtafiti Nasir Naqvi na wenzake walionyesha kwamba wavutaji sigara walioumia insula waliweza kwa urahisi zaidi kuacha ghafla, bila hamu kuwarudia. Mwaka 2022 mtafiti Juho Joutsa na wenzake wakapanua jambo hilo: majeraha ya ubongo yaliyowaachisha watu sigara yalikuwa sehemu mbalimbali, ila yaliangukia mtandao mmoja. Majeraha yanayougusa mtandao huohuo yakahusiana pia na hatari ndogo ya ulevi. Mimi hilo naliamini kuliko picha yoyote ya rangirangi.

Insula imezama ndani, na sumaku ya kuchochea ubongo kutoka nje ya fuvu huifikia kwa shida. Kwa hiyo siku hizi naiuliza modeli swali finyu: katika ubongo wa mtu huyu, ni kipande gani cha juujuu nikikigusa, insula itatikisika?