Je, filamu ya kisaikolojia hupigwa kwa mfuatano wa hadithi?

Wengi huamini kwamba mwigizaji wa filamu ya kisaikolojia huporomoka kiakili polepole mbele ya kamera, siku baada ya siku, kama tunavyomwona. Kwa kawaida sivyo. Matukio yote ya chumba kimoja hurekodiwa pamoja ili kuokoa muda na fedha, hivyo mwigizaji anaweza kulia asubuhi kwa msiba utakaoigizwa wiki ijayo. Huo ni ustadi mkubwa, na unastahili heshima zaidi. Ili vipande vilivyopigwa siku tofauti vilingane, msimamizi wa mwendelezo huandika nywele zilivyokaa, jeraha lilipo, glasi imejaa kiasi gani. Zipo filamu chache zinazofuata mfuatano. Ukitaka kuhakiki, angalia kinywaji au mshumaa: kinywaji kikiongezeka chenyewe au mshumaa ukirefuka tena ndani ya mazungumzo yaleyale, vipande hivyo havikupigwa kwa mfuatano unaouona.