Kabla ya kuandika ME au KE

Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni mwanamke kwa jinsia ya kuzaliwa. Septemba mwaka huohuo Shirikisho la Riadha la Dunia likaanza kudai kila mwanariadha anayetaka kushindana upande wa wanawake katika Mashindano ya Dunia apimwe jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye Y, kromosomu ya kiume. Mabishano hayo yametufikia Mtwara kupitia simu, na wazazi kliniki wananiuliza: dokta, kwani jinsia inajulikanaje hasa? Mimi ni daktari wa watoto. Swali hili nakutana nalo mtoto akiwa bado na kitovu kibichi.

Tuanze tumboni. Hadi wiki ya sita hivi, awe na kromosomu XX au XY, kila mtoto ana tezi changa zinazoweza kuwa ovari au korodani, na mirija ya aina zote mbili. Penye Y, jeni ya SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, huzifanya tezi hizo ziwe korodani. Homoni za korodani husinyaza mirija ya kike na kujenga uume. Bila SRY tezi huwa ovari, na ovari nazo zina jeni zake za kuzijenga.

Kwa watu karibu wote, kromosomu, tezi, homoni na viungo vya nje husema jambo moja. Na mbegu za uzazi ni mbili tu, yai na manii, hakuna ya tatu. Wanaosema jinsia ni mbili wana msingi imara hapo, wala siupingi. Ila msingi huo haunitoshi mbele ya mtoto wa siku mbili ambaye mkunga ameacha wazi sehemu ya jinsia kwenye kadi.

Ukimfunua, unaona kiungo mfano wa uume mdogo, tundu la mkojo likiwa chini yake, na ngozi iliyokunjamana kama mfuko wa korodani. Unapapasa kwa vidole viwili, kulia na kushoto. Hamna kitu. Bibi yake kasimama pembeni anataka kujua mjukuu gani. Mimi wakati huo nawaza chumvi.

Mara nyingi mtoto wa namna hii ni XX, ana ovari na mji wa mimba. Tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, zimeshindwa kutengeneza homoni mbili muhimu, badala yake zinamwaga homoni za kiume. Ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000. Kwenye wiki ya pili hivi huanza kutapika na kulegea. Sodiamu, ile chumvi ya mwilini, inashuka, potasiamu inapanda, na anaweza kufa watu wakidhani ni uchafuzi wa damu. Akipewa dawa za kufidia homoni hizo mbili, haidrokotisoni na fludrokotisoni, maisha yake yote, anakua na kusoma kama wenzake. Mvulana mwenye ugonjwa huohuo kwa nje huonekana wa kawaida kabisa, na hilo linaniogopesha zaidi, maana hakuna cha kumshtua mkunga.

Upasuaji wa kubadili sura ya viungo unaweza kusubiri, mkojo ukiwa unapita vizuri. David Reimer, mvulana wa Kanada aliyezaliwa 1965, alipoteza uume katika tohara iliyoharibika. Kwa ushauri wa mwanasaikolojia John Money akafanyiwa upasuaji na kulelewa kama msichana. Alikataa, akarudi kuishi kama mwanamume, na mwaka 2004 alijiua. Sisi wenye jando tunapaswa kuisoma habari hiyo kwa makini.

Wengine huja wakubwa. Msichana wa miaka 16, wenzake wote wamevunja ungo na kuchezwa unyago, yeye matiti anayo lakini hedhi hakuna. Kwenye ultrasaundi mji wa mimba hauonekani. Kromosomu zinarudi XY. Mwili wake hauisikii testosteroni, homoni ya kiume, hata kidogo. Kipimo cha SRY kitaikuta jeni hiyo, lakini mama yake amezaa na kulea binti, na naye anajijua ni binti.

Utambulisho wa kijinsia, yaani namna mtu anavyojijua nafsini, ni suala jingine. Wengi wanaosema nafsi zao hazilingani na jinsia waliyoandikiwa wana kromosomu na viungo vya kawaida, na hakuna kipimo cha damu cha kuwathibitisha wala kuwakanusha. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, liliwatoa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Watu wabishane, ni haki yao. Inaniuma pale mtoto wangu wa chumvi anapovutwa na kila upande awe ushahidi wake. Masheikh wetu wamemjua huntha, yaani mtu ambaye viungo vyake havionyeshi wazi kama ni mume au mke, katika fiqhi, sheria za Kiislamu, tangu zamani, hadi kwenye mirathi. Mtoto huyu si mgeni kwetu.

Kwa wazazi: sheria inawapa siku 90 kuandikisha kizazi, msisukumwe. Damu ya kupima chumvi itolewe siku hiyohiyo. Ya kromosomu inaweza kuhitaji kusafirishwa nje ya mkoa, na majibu huchukua wiki kadhaa. Jina mpeni la pande zote, Amani au Nuru. Bibi aambiwe ukweli, kwamba vipimo vinaendelea. Na mtoto akianza kutapika au kukataa kunyonya kabla majibu hayajarudi, msingoje tarehe ya kliniki, mleteni hata iwe usiku wa manane.