Bodi za shule na miswada ya elimu: andikeni mapema, andikeni kuhusu kifungu

Kila mswada wa elimu unapoletwa mbele ya kamati ya Bunge, sisi tunaohudumia kamati hatukosi bahasha kutoka kwa bodi za shule. Tunazipokea kwa shukrani, maana zimeandikwa na watu wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wengine wakiwa wametoka shambani au sokoni kuja kikaoni. Hata hivyo nyingi hatuwezi kuzisaidia. Zimefika baada ya siku iliyotangazwa, au zinalalamikia jambo ambalo mswada ule haukuligusa, au ni maoni ya mwalimu mkuu peke yake yaliyoandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya shule. Kisha bodi husema Bunge halikusoma. Tulisoma.

Nalizungumzia jambo hili sasa kwa sababu muda wa Bunge la 13 la Kenya unayoyoma. Mswada ambao hautakuwa umekamilika Bunge hili litakapofikia kikomo, siku ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, utakufa pamoja nalo, na wanaoutaka watalazimika kuanza upya. Wakati huohuo elimu yetu imebadilika kwa kasi. Jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilikabidhi ripoti yake Agosti 2023, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliandikwa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ikiwa ndiyo mfumo wa nchi. Mwenye macho anaona kwamba vifungu vingi vitaguswa.

Si kazi ya ofisi hii kusema mswada fulani ni mzuri au mbaya, na hakuna neno humu linalopaswa kuchukuliwa kuwa msimamo wa kamati wala wa mbunge yeyote. Nazungumzia njia tu.

Njia yenyewe inaanzia mahali ambapo watu wengi hudhani imeishia. Mswada ukisomwa Mara ya Kwanza, kinachosomwa ni jina lake. Hakuna mjadala, hakuna kura, hakuna kilichopitishwa. Lakini jioni ileile simu huanza kuzunguka na ujumbe wa WhatsApp kwamba "mswada umepita", na bodi ambazo zingekaa kikao siku ya pili hukata tamaa siku ya kwanza. Tumelieleza hili mara nyingi, na inachosha kuona bodi ya shule, yenye walimu wa uraia ndani yake, ikisambaza ujumbe kama huo bila kuuliza. Kusomwa Mara ya Kwanza maana yake ni kwamba mlango umefunguliwa. Mswada hupelekwa kwa kamati inayohusika, na Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge na kamati zake kuwashirikisha wananchi. Tangazo hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, likitaja jina la mswada, mahali pa kupeleka maoni, siku ya mwisho na saa. Mara nyingi saa yenyewe ni kumi na moja jioni.

Kamati ikishawasilisha ripoti, mswada husomwa Mara ya Pili, ambapo wabunge hujadili shabaha yake kwa jumla. Baadaye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, hupitia kifungu kwa kifungu, na hapo ndipo maneno hubadilishwa, huondolewa au huongezwa. Mengi ya mabadiliko hayo hutoka katika ripoti ya kamati. Kwa hiyo bodi inayotaka neno libadilishwe katika kifungu inapaswa kuwa imelisema mapema, kamati ikiwa ingali na mswada mkononi. Mswada ukisomwa Mara ya Tatu na kupitishwa, Rais ana siku 14 za kuutia saini au kuurejesha Bungeni akieleza wasiwasi wake. Ukitiwa saini huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku saba, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje wakati mwingine. Barua nyingi hutufikia katika zile siku 14 za Rais. Hapo kamati haina tena mswada wa kurekebisha.

Sasa kuhusu maoni yenyewe. Kuna waraka mmoja ambao huwa nautolea mfano ninapokutana na bodi. Ulikuja miaka kadhaa iliyopita kutoka shule ya msingi katika kaunti kame, kurasa mbili za daftari la mistari, umeandikwa kwa mkono kwa Kiswahili. Pendekezo lililokuwa mezani lilihusu kiwango cha elimu cha wanachama wa bodi. Bodi ile haikusema kwamba Serikali inawadharau maskini. Ilichora jedwali kwa rula. Safu ya kwanza ilionyesha nafasi ya kila mwanachama, bila jina. Ya pili, alikofikia kimasomo. Ya tatu, kazi anayoifanya shuleni. Mstari wa tano ulisomeka: "Mwakilishi wa wazazi. Darasa la sita. Hushika ufunguo wa stoo ya chakula, hupima mahindi kila asubuhi, na tangu aanze hakuna gunia lililopotea." Chini ya jedwali waliandika kwamba wengi wao wangeondoka, kisha wakapendekeza maneno mapya: sharti la cheti liwahusu mwenyekiti na wanaokaa katika kamati ya fedha, si kila mwanachama. Mbunge mmoja aliomba usomwe kwa sauti kikaoni, na chumba kikatulia.

Waraka ule ulikuwa na nguvu kwa sababu ulileta kitu ambacho hakuna wakili wa Nairobi angeweza kukileta. Wabunge wanayo maoni ya vyama vya walimu, ya wizara, ya makanisa wafadhili, ya mashirika yenye watafiti. Wasichokuwa nacho ni hesabu ya stoo yenu, umbali ambao mtoto wa Gredi ya 7 hutembea, idadi ya walimu wa sayansi mlionao dhidi ya madarasa, au kilichotokea muhula ule pesa zilipochelewa. Hivyo vimo katika madaftari yenu. Vitoeni.

Muundo ni rahisi. Taja kifungu kwa nambari, andika maneno mnayopendekeza, kisha toa sababu. Safu tatu zinatosha. Kama kifungu mnakiunga mkono, semeni pia, kwa sababu kamati isiposikia ila wanaopinga huenda ikakiondoa kifungu kilichokuwa kinawafaa. Na tafadhali acheni desturi ya kunakili barua moja na kuisambaza ili kila mzazi aitie saini. Nakala 300 za maneno yaleyale haziwi hoja 300. Ni hoja moja, na hujadiliwa kama hoja moja.

Maoni ya bodi ni yale yaliyoazimiwa na bodi. Kikao kiwe na akidi, azimio liingie katika kumbukumbu, na mwenyekiti atie saini. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi kwa mujibu wa sheria, na kwa cheo hicho anaweza kuupeleka waraka, lakini hawezi kuutunga usiku peke yake na kuuita wa bodi. Mwalimu mkuu mwenye maoni yake binafsi ni raia kama raia wengine. Aandike kwa jina lake.

Nakala ya azimio iambatanishwe. Waraka uandikiwe Karani wa Bunge la Kitaifa, si Waziri, si Tume ya Kuwaajiri Walimu, si mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Unaweza kuletwa kwa mkono katika majengo ya Bunge, kwa posta, au kwa barua pepe iliyo katika tangazo. Anayeleta kwa mkono alete nakala ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa.

Jambo linalotutatiza mno ni bodi kupeleka shida sahihi kwenye mswada usiohusika. Mgao wa fedha ni mfano wa wazi. Viwango vinavyojulikana ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 15,042 kwa wa sekondari msingi na 22,244 kwa wa sekondari, na wasimamizi wa shule wanajua kuwa kinachofika mara nyingi huwa pungufu. Ni kilio halali. Lakini ukikiandika katika maoni kuhusu mswada wa mitihani, kamati haina mahali pa kukitia. Fedha huamuliwa katika makadirio ya bajeti, ambayo Waziri wa Fedha hutakiwa na Ibara ya 221 kuyawasilisha angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia 30 Aprili. Ibara hiyohiyo inaitaka kamati ya bajeti kutafuta maoni ya wananchi na kuyazingatia. Bodi zinazofika wakati huo ni chache mno, na hilo linaniumiza, kwa sababu ndiyo nafasi ya kueleza muhula mzima ulivyopita bila chaki.

Vivyo hivyo kwa chekechea. Elimu ya awali iko chini ya kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, kwa hiyo mswada unaohusu walimu wa PP1 na PP2 unaweza kuwa katika bunge la kaunti au Seneti. Ugomvi kuhusu uhamisho wa mwalimu si wa mswada wowote.

Pale ambapo hakuna mswada na bodi inataka sheria itungwe au ibadilishwe, njia ni ombi chini ya Ibara ya 119 na sheria ya maombi kwa Bunge ya 2012. Masharti yake yafuatwe yote, kwani tunalazimika kurudisha maombi yenye kasoro. Ombi liandikwe kwa mkono, taipu au chapa, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima na bila kufutafuta maneno. Lieleze kama mlijaribu kwanza kwa ofisi husika na mkajibiwa nini. Liseme kama jambo liko mahakamani. Limalizike kwa kutaja mnachoomba. Kila mwombaji aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na atie saini au kidole gumba. Asiyejua kuandika hazuiwi.

Kuna makosa matatu ambayo yanaweza kuwapeleka wanachama wa bodi mahakamani, nami nawasihi myaepuke.

La kwanza ni michango. Kutoa maoni Bungeni hakulipiwi hata senti. Bodi inayowatoza wazazi ili "kumwona mheshimiwa" inakiuka Sheria ya Elimu ya Msingi, inayotaka tozo zozote ziidhinishwe na Waziri na kukataza mtoto kunyimwa masomo kwa kutolipa. Pesa hizo zikifika mkononi mwa mtu ili alegeze msimamo, ni hongo. Sheria ya Hongo ya 2016 inatoa adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Faini ya ziada inaweza kufika mara tano ya faida iliyopatikana. Anayetoa na anayepokea wote wana hatia.

La pili ni taarifa za watoto. Msiambatanishe orodha za majina, picha wala matokeo ya mwanafunzi anayeweza kutambulika. Maoni yenu huwa sehemu ya kumbukumbu za umma. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Katika maoni yenu idadi inatosha, kwa mfano: wasichana 41, wavulana 38.

La tatu ni kuwavalisha wanafunzi sare na kuwabebesha mabango siku ya masomo. Wanafunzi wana mwakilishi wao ndani ya bodi. Msikilizeni pale.

Wengine huuliza iwapo kamati inalazimika kukubali walichosema. Hapana. Inalazimika kuwapa nafasi ya kweli na kuyazingatia. Mahakama zimekwisha kufuta sheria kwa kukosa hilo, kama ilivyofutwa sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu mwaka 2014. Kupewa nafasi na kushinda hoja ni mambo mawili.

Mwisho wa waraka andikeni kama mnataka kufika mbele ya kamati, na kama mtahitaji mkalimani wa lugha ya ishara, ambayo ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Wekeni nambari ya simu ya mtu atakayepokea. Si ya ofisi ya shule inayofungwa likizo ikianza. Tumewahi kupiga simu siku tatu mfululizo tukitafuta bodi iliyokuwa na hoja nzuri kuhusu mabweni, simu ikalia hadi ikanyamaza, na kikao kikaendelea bila wao.