Hulipi Maji Mara Mbili, Jamani

Juzi tena, kwenye kikao cha taftishi ya bei, pale wananchi wanapotoa maoni kabla bei haijapitishwa, mzee mmoja kasimama na ankara yake mkononi: "Maji nimeshayanunua. Yakitoka bafuni mnanitoza tena. Maji yaleyale!" Ukumbi mzima makofi. Kazi yangu ni kukokotoa bei za majitaka, na sijawahi kukaa kikao ambacho hoja hii haikupigiwa makofi.

Mzee wangu, mara ya kwanza umelipia maji kuletwa. Mara ya pili umelipia uchafu wako kuondolewa na kusafishwa. Mkazi wa Mbagala asiye na bomba la majitaka hahitaji kufundishwa hili: maji ananunua, na shimo likijaa anaita gari la kunyonya na kulipa taslimu, bila kikao wala makofi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam inaishi hivyo. Wenye bomba ni wachache, wengi wao katikati ya jiji na maeneo kama Upanga na Kariakoo, na ndio wanaolalamika kwa sauti kubwa.

Sasa tuje kwenye asilimia, maana hapa ndipo mitandaoni watu wananitia wazimu. Majumbani hakuna mita ya majitaka. Ukiifunga, nywele, mafuta na matambara vitaikaba kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo tunakadiria kutoka mita ya majisafi, na kadirio la kawaida la wahandisi ni kwamba asilimia 80 ya maji yaliyoingia hutoka kama majitaka. Tuseme umetumia uniti 20 (uniti moja ni lita 1,000): majitaka ni uniti 16, na kama bei ni shilingi 600 kwa uniti (namba ya mfano tu, msiinukuu) utalipa 9,600.

Halafu anatokea mtu: "Mbona Nairobi ni 75, sisi 80? Tunaibiwa!" Hizo si asilimia za kitu kimoja. Kwa miaka mingi Nairobi ilitoza asilimia 75 ya *fedha* za ankara ya maji. Hii 80 ninayoisema ni ya *ujazo*, na ujazo huo una bei yake yenyewe. Tofauti si ndogo. Pale bei ya maji inapopanda kwa madaraja, yaani ukitumia zaidi bei ya uniti inaongezeka, ukitoza asilimia ya fedha, mtumiaji mkubwa analipa zaidi kwa kila uniti ya majitaka pia, hata kama majitaka yake hayana ubaya kuliko ya jirani. Ukitoza kwa ujazo, wote mnalipa bei moja kwa uniti. Unaweza kupenda njia hii au ile, lakini usizilinganishe kwa kutazama namba iliyoandikwa tu.

Na hiyo 80, je, ni kweli? Kwa ghorofa lisilo na bustani huenda ni ndogo. Kwa anayemwagilia maua kila jioni ni kubwa mno. Kwa hoteli yenye kisima chake haina maana kabisa: mita ya majisafi inasoma uniti chache, huku chemba ya nje inafurika. Dawa ni kufunga mita kisimani, ila lazima kwanza ujue kisima kipo, na wenye visima hawaji ofisini kujitaja. Tunaendelea na 80 kwa sababu ni rahisi kuitetea, si kwa sababu kuna aliyepima nyumba zote.

"Lakini mtandao umejengwa kwa fedha za wafadhili!" Mara nyingi ni mkopo. Wa masharti nafuu, sawa, lakini mkopo, na anayekopa Benki ya Dunia ni Serikali. Tena fedha za mradi hununua mabomba na mitambo. Umeme wa pampu, mafuta ya gari la kuzibulia na mifuniko ya chemba inayoibwa na kuuzwa chuma chakavu, vyote ni vya ankara.

Kuna na uchakavu. Tunauingiza kwenye hesabu ya bei ili pampu ikifa ipatikane nyingine. Kwenye karatasi fedha ipo. Benki, mara nyingi haipo. Imeshaliwa na bili ya umeme, na pampu ikifa tunarudi Hazina.

Mtaniambia tuuze hatifungani, yaani tukope kwa wawekezaji na kuwalipa riba, kama Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5. Hiyo ni karibu bilioni 7.2 za riba kila mwaka. Miundombinu ya maji inaweza kubeba riba hiyo, maana bomba la maji likifika mtaani watu wanapanga foleni kuunganishwa. Bomba la majitaka likifika, watu wanachungulia dirishani. Kujiunga maana yake ni kuvunja vigae vya uani, kumlipa fundi, na kuongeza mstari kwenye ankara, wakati shimo bado halijajaa. Kila andiko la mradi nililosoma linaahidi maunganisho kwa maelfu. Sijui hata moja lililotimiza ahadi hiyo kwa wakati. Siku hizi nashuku kwamba kama fedha kidogo ya bomba kuu ingehamishiwa kwenye uani wa mwananchi, bomba la bure hadi chooni, ingerudi haraka zaidi. Sina hesabu kamili ya kuthibitisha, na wenzangu wawili wananibishia kila tukikutana.

Ombi lijalo la bei likitangazwa, fungueni jedwali la maunganisho yaliyoahidiwa na yaliyofanyika. Mniulize hilo, nitatokwa jasho.